Merikebu Iliyozama Inastahili Gharama Yake

Swali la juma lilitaka kujua kama ni halali kwa taifa kutumia fedha nyingi kuhifadhi chombo cha kale ambacho hakitaelea tena. Jibu langu ni ndiyo, na ninalitoa nikiifikiria Vasa, merikebu ya kivita ya Uswidi niliyoizuru katika makumbusho yake jijini Stockholm.

Vasa ilizama tarehe 10 Agosti 1628, katika safari yake ya kwanza, kabla haijamaliza hata maili moja ya bahari: upepo uliilaza ubavu, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya sitaha ya chini, ikazama watu wa mji wakiitazama. Kabla ya hapo mabaharia 30 walikuwa wamekimbizwa kutoka ubavu hadi ubavu ili kuipima, na baada ya mara tatu jaribio likasitishwa kwa hofu kwamba ingepinduka palepale bandarini. Hata hivyo ikang'oa nanga, kwa kuwa mfalme Gustav II Adolf alikuwa akiihimiza. Uchunguzi ulifanyika na hakuna aliyetiwa hatiani; fundi mkuu, Henrik Hybertsson, alikwisha fariki mwaka uliotangulia, na marehemu hahojiwi.

Wageni hawaruhusiwi kupanda chomboni, lakini ukisimama chini, usawa wa mkuku, ule mti mkuu wa chini kabisa ya chombo, kisha ukainua macho, unaona jinsi madirisha yale yalivyokaribia maji, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini farumi zaidi, yaani mawe ya kuipa merikebu uzito chini, isingeiokoa: ingeyashusha madirisha yenyewe. Humo ndani zilipatikana pia rula za mafundi, nyingine za futi yenye inchi 12, nyingine za futi yenye inchi 11, na mbao zilipopimwa ikaonekana kwamba pande mbili za chombo hazilingani. Mambo hayo yamejulikana kwa sababu merikebu yenyewe ipo.

Gharama ni kweli. Bahari ya Baltiki haina chumvi ya kutosha kwa wale wadudu watoboao mbao ambao kwetu Pwani hutulazimisha kupaka vyombo deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ndiyo maana Vasa iliopolewa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima. Lakini ilinyunyiziwa dawa kwa miaka 17 ili mbao zisipasuke zikikauka, na boliti zaidi ya 5,000 zilizoshika kutu zimebidi kubadilishwa. Wanaolalamikia hesabu hiyo, wapende wasipende, wanataka uchunguzi wa mwaka 1628 ubaki kuwa neno la mwisho, nami siwezi kukubaliana nao.