Ahadi ya Ujenzi na Dawa ya Mama: Namna ya Kuyapima Mapokeo ya Kanisa kwa Maandiko

Wakristo wa hapa Mwanza wanapobishana kuhusu mapokeo, swali linalotangulia huwa ni lile lile: "Limeandikwa wapi?" Ni swali halali, lakini katika miaka niliyohudumu kama mzee wa kanisa na mwalimu wa kipindi cha Biblia katika usharika mmoja wa Kilutheri wilayani Ilemela, nimeona kwamba peke yake halimfikishi mtu mbali. Mengi tunayoyafanya hayakuandikwa popote, kuanzia sare za kwaya hadi saa ya kuanza ibada ya pili, na hakuna anayedhurika kwayo. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuyachunguza mapokeo ya kanisa lake namshauri aanze na swali jingine: desturi hii, kwa jinsi tunavyoishika, inamzuia mtu kutii amri gani ya Mungu iliyo wazi?

Swali hilo nimelitoa katika Marko sura ya 7. Mafarisayo na waandishi waliotoka Yerusalemu waliwaona baadhi ya wanafunzi wa Yesu wakila bila kunawa mikono, nao wakamtaka aeleze kwa nini hawafuati mapokeo ya wazee. Kunawa kule kulihusu utakaso wa kidini, si uchafu wa mikono. Torati, katika Kutoka 30, iliwaagiza Haruni na wanawe kunawa mikono na miguu kabla ya kuingia hemani, na walimu wa baadaye walitaka utakatifu huo wa makuhani ufike hadi kwenye meza ya mtu wa kawaida. Nia yao haikuwa mbaya, na mapokeo mengi huanza hivyo. Yesu angeweza kuwajibu kwamba jambo hilo halikuandikwa, mazungumzo yakaishia hapo. Badala yake aliwapeleka kwenye desturi nyingine, ile ya Korbani, ambako madhara yalionekana wazi.

Korbani ni kitu kilichowekwa wakfu kwa Mungu. Mwana akishatamka neno hilo juu ya mali ambayo ingewasaidia wazazi wake, mali hiyo haikuwafikia tena, na walimu wale hawakumruhusu kuwatendea jambo lolote zaidi. Amri ya kumheshimu baba na mama haikufutwa kwa kalamu ya mtu. Iliendelea kusomwa katika masinagogi kama kawaida, huku mzee akikosa chakula kwa sababu ya utauwa wa mwanawe. Ni haki kuongeza kwamba walimu wa Kiyahudi wenyewe walilijadili jambo hili, na katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokamilika takriban mwaka 200, yapo maoni kwamba mtu aweza kufunguliwa nadhiri yake kwa ajili ya heshima ya wazazi wake. Mhubiri anayeigeuza sura hii kuwa fimbo ya kuwachapia Wayahudi amekwepa mahali inapotugusa sisi.

Mimi ilinigusa nikiwa katika kamati ya ujenzi. Muumini wetu mmoja anafanya biashara ya dagaa kwenye mwalo wa Kirumba, na biashara hiyo, kama ijulikanavyo na yeyote aliyekulia kando ya ziwa, huenda na mwezi wa angani: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika na kipato hushuka. Siku ya kutoa ahadi za michango ya ujenzi ilikuwa siku ya neema kwake, akajaza kadi kwa kiasi kikubwa. Baadaye mauzo yakadorora, na wakati huohuo mama yake aliyeko Ukerewe akawa anahitaji dawa za presha kila mwezi pamoja na nauli ya kuja mjini kupimwa. Kwetu majina ya waliokuwa hawajakamilisha ahadi yalisomwa mbele ya ibada, kisha yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango. Alinijia na bahasha yake ikiwa imejaa noti za elfu mbili zilizokunjwa zikinukia dagaa, akaniambia, "Mzee, hii ni fedha ya Mungu, siwezi kuigusa. Mama atanielewa."

Hakuna mchungaji aliyewahi kusimama madhabahuni akafundisha kwamba paa la kanisa linatangulia kuliko mama mzazi. Ubao wa matangazo ndio uliofundisha, nao ulifundisha vizuri kuliko mahubiri yetu yote.

Waliotetea utaratibu ule walikuwa na Maandiko mkononi, na hili msomaji alitarajie. Walinukuu Kumbukumbu la Torati 23, kwamba ukiweka nadhiri kwa Bwana usikawie kuiondoa, yaani kuitimiza, na Mhubiri 5, kwamba ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Aya hizo ni za kweli na hazipaswi kulainishwa. Lakini mamlaka ya Maandiko ni mamlaka ya Maandiko yote, na Mambo ya Walawi 27, sura inayoshughulikia nadhiri kwa undani, inasema kwamba aliyeweka nadhiri akiwa maskini asiyeweza kulipa kiwango kilichopangwa, kuhani atamkadiria upya kulingana na uwezo wake. Torati yenyewe, ambayo tumezoea kuiita ngumu, ilikuwa na mlango ambao kadi yetu ya ahadi haikuwa nao. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8, anasema kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo, na katika 1 Timotheo 5:8 anasema kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Nilimfungulia ndugu yule aya hizo mbele ya bahasha yake, akazisoma mwenyewe kwa sauti.

Namna ya kulipeleka jambo kama hili kwa viongozi ni muhimu kama hoja yenyewe. Usilianzishe kwenye kikao cha usharika mbele ya watu wote, na usilitupie kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, kwa maana mtu mzima akiaibishwa hadharani atatetea hata asichokiamini. Nilikwenda kwanza kwa mchungaji nyumbani kwake, kisha kwa mhazini, ambaye kwa umri ni kama baba yangu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimuuliza utaratibu wa kusoma majina ulianza lini na kwa sababu gani. Akanieleza kwamba zamani fedha za ujenzi ziliwahi kupotea, na kusoma majina na kiasi kilichotolewa ndiyo iliyokuwa njia ya kuonyesha kwamba hakuna kinachofichwa. Kumbe ilikuwa sababu ya heshima kabisa. Tulipoelewana kuhusu sababu hiyo, ilikuwa rahisi kutafuta njia nyingine ya kuitimiza: sasa mhazini hutangaza jumla, kila mtu hupewa taarifa yake mwenyewe kwa siri, na kadi ina nafasi ya kuomba kukadiriwa upya. Alinionya, "Mzee mwenzangu, tukilegeza, paa litachelewa." Limechelewa kweli, naye hunikumbusha kila mvua za masika zinapoanza.

Jambo jingine ninalolisisitiza ni kuichunguza historia kabla ya kulituhumu kanisa lolote. Kanda ya Ziwa ina Waadventista wengi, na mabishano ya Jumamosi na Jumapili hayaishi, iwe kwenye daladala au kwenye kijiwe cha kahawa. Mara nyingi husikika kwamba ibada ya Jumapili ililetwa na Konstantino, mfalme wa Kirumi, mwaka 321. Konstantino alitoa kweli sheria ya mapumziko ya siku hiyo mwaka huo, lakini Justin Martyr, mwalimu wa Kikristo aliyeandika katikati ya karne ya pili, tayari anaeleza jinsi Wakristo walivyokusanyika siku hiyo kusoma maandiko ya mitume na manabii na kushiriki chakula cha Bwana. Hilo halimalizi hoja ya jirani yangu Mwadventista, ambaye hunijibu kwamba ukale wa desturi hauifanyi kuwa amri, na katika hilo yuko sahihi. Turudi basi kwenye Maandiko na kubishana huko, bila kumsingizia mfalme wa Kirumi jambo alilolikuta.

Sisi tunaosema "Maandiko peke yake" tunapaswa pia kuwa waungwana kwa Wakatoliki, ambao katika mkoa huu wamekuwapo tangu Wamisionari wa Afrika, shirika la mapadri wa Kikatoliki, walipofika Bukumbi mwaka 1883. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1546 ulitamka kwamba Maandiko na mapokeo ya mitume vipokelewe kwa heshima ileile, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 ukaeleza kwamba mamlaka ya kufundisha ya Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Mtu anaweza kulikataa fundisho hilo, nami nalikataa pale linapoyapa mapokeo uzito sawa na Maandiko, lakini alikatae jinsi lilivyo. Tena asiikimbie 2 Wathesalonike 2:15, ambako Paulo anawaagiza waumini wayashike mapokeo waliyofundishwa kwa maneno au kwa waraka. Jibu langu ni kwamba kilichotoka kinywani mwa mtume hakilingani na kilichoanzishwa na kamati, na kwamba kwetu leo waraka ndio ulio mkononi. Najua kwamba padri aliyesoma atakuwa na la kuongeza hapo.

Desturi isiyoizuia amri yoyote, iache iishi. Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, katika kifungu chake cha 15, linasema kwamba taratibu zinazoweza kushikwa bila dhambi na zinazosaidia amani zishikwe, ilimradi dhamiri za watu zisitwishwe mzigo kana kwamba taratibu hizo ni za lazima kwa wokovu. Binti anayekatazwa suruali kwa kusomewa Kumbukumbu la Torati 22:5 ana haki ya kuuliza kwa nini aya ya 12 ya sura hiyohiyo, inayoagiza vishada katika pembe nne za vazi, haikaguliwi mlangoni. Lakini akienda kusali kwa bibi yake Sengerema, ambako wanawake wote hujifunga khanga, kujifunga naye hakumpotezei kitu.

Kwa sasa usharika wetu unajadili chakula cha msibani. Desturi ni kwamba nyumba ya marehemu huwalisha waombolezaji hadi siku ya kuanua matanga, na nimemshuhudia mjane akiuza mbuzi ili kuwapikia watu waliokuja kumfariji, ilhali Marko 12:40 inawakemea wanaokula nyumba za wajane. Pendekezo lililo mezani ni kwamba jumuiya zipokezane kupeleka chakula kilichokwisha kupikwa. Wazee wameliafiki, akina mama wa umoja wa wanawake wameliahirisha, wakisema kwamba kabla halijapitishwa wanataka iandikwe kwenye muhtasari ni akina baba gani watakaochota maji na kukoroga ugali.