Kemo: usisubiri uzidiwe ndipo useme

Nilipoanza kemo, yaani dawa za kuua saratani, kwa ajili ya saratani ya titi, hatua ya pili, kila aliyekuja kunipa pole aliniambia nijikaze. Nikajikaza kweli. Baada ya dripu ya kwanza, ile ya dawa nyekundu, vidonge vya kuzuia kutapika nikaviweka kabatini, nitameza nikizidiwa. Usiku ule nilitapika mpaka nyongo.

Kwenye dripu ya pili nilimsimulia nesi. Akashika kichwa. "Mama, hivi humezwa kabla. Kichefuchefu kikishaanza, kukituliza ni kazi." Tangu siku hiyo nilimeza kwa saa nilizoandikiwa, hata nikijisikia mzima, na sikutapika tena. Vilinifunga choo, nikasema, nikapewa dawa ya kulainisha.

Ndugu yangu, nunua kipimajoto kabla hujaanza. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, na mara nyingi huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Siku hizo homa ya nyuzi 38 si ya kulala nayo. Mimi ilikuwa siku ya 10, saa nne usiku, baridi inanitetemesha, kipimo kinasoma 38.4. Dada alishaleta Panadol na maji. Nikamzuia, maana ingeshusha joto na kuficha hatari. Tukachukua bajaji. Mapokezi nikasema kabla ya jina langu: "Niko kwenye kemo, nina homa." Usiku uleule nikaanzishiwa antibayotiki za mshipa.

Dawa nyekundu ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Mkono ukichoma au kuvimba wakati inaingia, mwite nesi hapohapo, usione haya. Na miti shamba, hata aliyokuletea mama mkwe kwa upendo, mwonyeshe daktari kwanza, kwa sababu mingine hugongana na dawa.

Uchovu, nilitembea jioni hadi dukani na kurudi. Kulala mchana kutwa kulinichosha zaidi. Mdomo nilisukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula.

Kisha ikaja paklitakseli, dawa nyingine ya kemo, dripu ya kila wiki, na ganzi. Wiki ya 7 nilishindwa kufunga vifungo vya sare ya mwanangu. Kidole kilikigusa kifungo bila kukihisi. Nilitaka kunyamaza, nikiogopa nitakatiwa tiba. Nikasema. Daktari akapunguza dozi, tukamaliza zote 12. Nyayo bado zina ganzi kidogo, ila vifungo navifunga.