Mkatoliki mwenye Qurani kabatini: najibu maswali yenu

Wiki iliyopita niligusia tu kwamba mi Mkatoliki nina Qurani ya tafsiri ya Kiswahili na huwa naisoma, basi meseji zikamiminika. Nimechagua chache.

"Hiyo si dhambi? Padri wako anajua?" (Morogoro)

Anajua, alicheka tu. Kanisa lenyewe lilishalisema hili tarehe 28 Oktoba 1965 kwenye tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwamba halikatai lolote lililo kweli na takatifu kwenye dini nyingine, na Waislamu wametajwa humo kabisa kuwa wanamwabudu Mungu mmoja na wanamheshimu Maria. Halafu we mwenyewe ukipiga magoti unasemaje? Sala, imani, dhambi, toba, rehema, malaika, hata neno kanisa, yote hayo asili yake Kiarabu. Padri na Kwaresma ndo tulipewa na Wareno.

"Umefaidika nini hasa? Toa mfano, sitaki nadharia." (Dodoma)

Haya. Upande wa mama yangu Tanga ni Waislamu. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma ziligongana, zote zilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ilinikuta kwa mjomba, kwa hiyo nyumba nzima tumefunga, wao kivyao mi kivyangu. Jioni tunasubiri adhana mjomba akaniuliza, "Na wewe mjomba, jana usiku ulinuia nini?" Maana kwao funga ya Ramadhani unaiwekea nia kila usiku kabla ya alfajiri, usiponuia umeshinda na njaa tu. Nikakosa jibu. Miaka yote hiyo nafunga Majivu na Ijumaa Kuu kwa vile ndo utaratibu, mlo mmoja kamili basi imeisha, sijawahi hata kujiuliza namfungia nani na kwa ajili ya nini. Usiku nikafungua Mathayo sura ya 6, pale Yesu anasema ukifunga jipake mafuta kichwani na unawe uso, mistari ninayoijua toka mafundisho ya kipaimara, nikaisoma kama mtu aliyeandikiwa barua. Siku hizi kabla sijalala natamka kabisa, kesho nafunga kwa ajili ya jambo hili. Mjomba hajui alichonifanyia.

"Mi nahudhuria sana mihadhara ya dini uwanjani, pande zote mbili. Si ndo kujifunza huko?" (Mombasa)

Hapana ndugu yangu. Pale mtu kasoma kitabu cha mwenzake anatafuta pa kumkamata, na wewe unarudi nyumbani na hoja za kubishana, imani iko pale pale. Mwaka 1985 Krister Stendahl, askofu wa Kilutheri wa Stockholm, alipoona watu wanapinga Wamormoni (dhehebu lililoanzia Marekani) kujenga hekalu lao huko aliwaambia mambo matatu: ukitaka kuijua dini kawaulize wenyewe wanaoifuata, sio maadui zao, usilinganishe uzuri wako na ubaya wao, na acha nafasi ya kuona wivu mtakatifu, yaani ukute kitu kwao ukatamani na kwako kiwepo. Hilo la tatu uwanjani hulipati hata kwa dawa.

"Mwanangu alisoma dini za watu chuoni, sasa haendi kanisani. Unasemaje?" (Mbeya)

Shikamoo mama. Sitakudanganya, inatokea. Ila kuna Mfaransa mmoja, Charles de Foucauld, mwanajeshi wa zamani, imani ilishamtoka toka ujana, akaenda Moroko mwaka 1883 amejifanya rabi wa Kiyahudi ili asijulikane (ndio, rabi!), kule akaona Waislamu wanavyosali na kumweka Mungu mbele kila saa, likamtikisa. Hakusilimu. Mwaka 1886 akaungama Paris akarudi Ukatoliki, akaja kuishi jangwani Algeria na mwaka 2022 katangazwa mtakatifu. Sisemi mwanao atafuata njia hiyo, nasema usimgombeze, muulize kasoma nini, ikiwezekana someni wote. Mara nyingi mtoto anaondoka kwa sababu maswali yake nyumbani yaliitwa utovu wa adabu.

"Nianzie wapi?" (wengi)

Kama we Mkristo, anza na sura ya 19, Maryam, ina aya 98 tu. Kamata Luka 1 pembeni. Utamkuta Zakaria kote kuwili, kote ananyamaza, lakini kwenye Qurani kunyamaza siku tatu ni ishara aliyoiomba mwenyewe, kwa Luka anakuwa bubu mpaka siku mtoto anapopewa jina kwa vile hakumwamini malaika. Mi nilikuwa naipita hiyo adhabu kila Desemba bila kuiona. Kuhani mzee, kaomba mtoto maisha yake yote, anajibiwa na bado haamini! Nikasimama hapo karibu wiki nzima, sikwenda mbele.