Geuza swichi usome mgongoni kabla hujalipa

Fundi akikuandikia "swichi 10" kwenye karatasi, usikimbilie nayo Kariakoo. Mrudishie akuandikie ni zipi. Muuzaji atakuuliza "za aina gani, bosi?", na ukibabaika tu, utafungiwa chochote kilichopo.

Kinachowachanganya wengi ni "gang" na "way". Gang ni idadi ya vibonyezo kwenye fremu moja. Way ni njia za umeme ndani ya swichi. Wanwei (1 way) inawasha na kuzima taa kutoka sehemu moja. Tuwei (2 way) ndiyo ya ngazi, unawashia chini, unazimia juu. Kwa mbele hutazitofautisha, kwa hiyo geuza: wanwei ina skrubu mbili za waya, tuwei ina tatu, zilizoandikwa COM, L1 na L2, kwa kila kibonyezo. Tuwei inaweza kufanya kazi ya wanwei, L2 ikaachwa tupu. Wanwei haiwezi kufanya kazi ya tuwei. Mimi nikiwa na shaka nachukua tuwei. Ukitaka kuwashia taa hiyo hiyo sehemu tatu, ile ya katikati ni intamidieti, yenye skrubu nne.

Mgongoni utakuta pia 10AX 250V. Hizo ni ampea 10, na X inaonyesha kwamba inahimili hata taa za tyubu. Inatosha taa. Shawa ya umeme je? Ya wati 5,500 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 24, halafu fundi anakuambia swichi ya 20 "itabeba tu". Haibebi, itaanza kunuka plastiki. Dai ya 32 au 45, tena iwe dabopo, inayokata laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja. Waya zikiwa zimegeuzwa (na hapa mjini zinageuzwa sana), swichi ya kawaida itakata nyutro, shawa izime, kumbe laini bado iko ndani.

Kwenye boksi la breka, C20 maana yake ampea 20, na C inavumilia mshtuko wa mota inapoanza, kama ya AC. Lakini breka inalinda waya. Anayekulinda wewe usipigwe shoti ni RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ya 30mA (miliampea 30), yenye kitufe cha T. Umeme ukishawashwa, kibonyeze fundi akiwepo. Isipokata, asiondoke.