Kabla ya Kuchagua Karate au Judo, Angalia Utaangukia Wapi

Vijana wengi wa Kigoma na Tabora wanaotaka kujifunza mapigano huanza na swali moja: ipi kali zaidi? Swali hilo halina jibu. Kila sanaa ilizaliwa kwa kazi yake, na kazi hiyo ndiyo inayoamua utaumia wapi na uwanja gani utakufaa.

Judo aliianzisha Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, akichambua mbinu za jujutsu, sanaa ya zamani ya mapigano ya Wajapani. Kazi yake ni kumwangusha mtu, kwa hiyo inadai uwanja laini. Karate ilitoka Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani. Gichin Funakoshi aliionyesha Tokyo mwaka 1922, na mkanda wake iliuazima kwa judo. Hiyo unaweza kuianza hata kwenye ardhi ngumu. Taekwondo ya Korea hutanguliza miguu, basi nyonga zilegezwe kwanza.

Wala si mambo ya Asia peke yake. Makaburi ya Beni Hasan, Misri, yana picha za mieleka za miaka 4,000 hivi iliyopita. Wahausa wa Afrika Magharibi wana dambe, mchezo wa ngumi: mkono mmoja hufungwa kamba na kuitwa mkuki, mwingine huwa ngao. Capoeira, mapigano yanayochanganywa na ngoma, ilikuzwa Brazil na Waafrika waliopelekwa utumwani.

Uchague ipi, anza na kuanguka. Chuchumaa, kidevu kiguse kifua, mgongo uwe wa duara. Jiachie nyuma, na mgongo unapogusa chini piga ardhi kwa mikono yote miwili, viganja chini, mikono ikiwa nyuzi 45 hivi kutoka ubavuni. Toa pumzi papo hapo. Fanya mara 20 kila siku ya mazoezi, kwa wiki mbili, ndipo ujaribu ukiwa umesimama. Kosa kubwa ni kutanguliza kiganja nyuma ili ujizuie: uzito wote hupita kwenye kifundo cha mkono na kiwiko, na hapo ndipo watu huvunjika. La pili ni kuachia kidevu. Kisogo ndicho kitakachopokea ardhi.

Kigoma mna mchanga wa ziwa, mali kubwa hiyo. Kaa mbali na mwalo, maana ndoana na vipande vya nyavu hujificha humo. Piga reki eneo la mita 5 kwa 5, ukichimbua sentimita 20. Tumia mchanga mkavu. Ulioloa karibu na maji hushikana ukawa mgumu kama sakafu. Ila usizungushe teke mchangani: mguu unazama na kubaki pale, mwili unageuka, goti linapinda. Mchanga ni wa kuanguka na kukabana chini tu.

Tabora kuna pumba za mpunga. Jaza salfeti, zishindilie hadi unene wa sentimita 20, shona midomo, zipange zikibanana ndani ya fremu ya mbao, kisha kaza turubai juu. Bila fremu salfeti huachana, na kidole cha mguu hunasa katika upenyo. Turubai likilegea hujikunja chini ya nyayo. Inua salfeti kila wiki uzianike, kwa sababu mchwa huanzia upande wa chini, na pumba zilizooza hushuka bila kuonekana hadi mtu aangukie ardhi tupu.