Je, mwanamke anaweza kupokelewa katika Ufrimasoni?

Mama, umeuliza kutoka Lubumbashi kama ni kweli, jinsi shemeji yako anavyodai, kwamba mwanamke hawezi kamwe kuwa Mfrimasoni, yaani mwanachama wa udugu wa Ufrimasoni wenye taratibu zake za siri. Shemeji amesema nusu ya ukweli. Katiba ya Anderson ya mwaka 1723, kitabu cha kanuni za mwanzo za Wafrimasoni, iliwafungia wanawake mlango, na Loji Kuu ya Uingereza, inayosimamia loji (vikundi vya Wafrimasoni) za huko, bado haiwapokei. Lakini mwaka 1882 Maria Deraismes, Mfaransa mtetezi wa haki za wanawake, alipokelewa katika loji moja ya Le Pecq, karibu na Paris, na mwaka 1893 yeye na daktari Georges Martin wakaanzisha shirika ambalo leo huitwa Le Droit Humain, linalopokea wanaume na wanawake kwa masharti yale yale. Grand Orient ya Ufaransa, shirika jingine kubwa la Wafrimasoni, ilikawia mno: ni mwaka 2010 tu ilipoziachia loji zake uamuzi wa kuwapokea wanawake au la. Kwa hiyo, uliza kwanza loji unayoifikiria iko chini ya shirika gani.

Kwa kuwa wewe ni Mkatoliki, ujue pia kwamba tamko la Vatikani la mwaka 1983 linamkataza muumini aliyejiunga asipokee Komunyo. Na huyo uliyemtaja, anayekuahidi utajiri ukimtumia pesa kwa simu (hapo ndipo barua yako iliponishtua), usimtumie hata faranga moja.