Karanga na ndugu zake wa porini: mmeuliza

Wiki iliyopita niligusia kwamba wanasayansi walisoma jenomu (yaani vinasaba vyote) za karanga pori mbili, Arachis duranensis na Arachis ipaensis, matokeo yakachapishwa 2016. Mmeuliza mengi.

*Mwalimu, Mlali: Kwa nini wahangaike na majani ya porini badala ya kuisoma karanga yenyewe?*

Shikamoo mwalimu. Karanga tunayokula ni mtoto wa hao wawili. Maelfu ya miaka iliyopita, Amerika Kusini, walichavushana, na mtoto akarithi jenomu nzima ya kila mzazi: ana kromosomu (vifurushi vinavyobeba vinasaba) 40, wazazi wana 20 kila mmoja. Tatizo ni kwamba mashine husoma vinasaba vipande vipande, kisha kompyuta huviunga. Wewe unawajua wanafunzi wanaokopiana. Chukua madaftari ya wawili wa aina hiyo, yachane, changanya kwenye gunia moja, halafu mwambie mtu ayarudishe. Atakwama, maana kila kipande kinaingia kote kuwili. Na hapa kuna herufi za vinasaba takriban bilioni 2.7, si mbali sana na za binadamu. Ukisoma daftari la kila mzazi peke yake, unajua kipande kipi ni cha nani. Jenomu ya karanga ya shambani ilifuata 2019.

*Mama mkulima, Mpwapwa: Hao wa porini wana nini ambacho mbegu yangu haina?*

Kinga, mama. Ukimwona karanga pori utamdharau: punje ndogo, mbilimbili, zimetenganishwa na kauzi kembamba ardhini, kuvuna ni adhabu. Lakini karanga za mashambani duniani kote ni ukoo mmoja mdogo, hivyo ugonjwa ukizoea moja umezizoea nyingi. Ndugu mwingine, Arachis cardenasii wa Bolivia, ndiye aliyezipa baadhi ya mbegu za leo uwezo wa kustahimili kutu na madoa ya majani.

*Msomaji, Chamwino: Hiyo si GMO, mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabara?*

Hapana. Kusoma jenomu ni kusoma tu, na uzalishaji ninaousema hapa unatumia chavua. Ugumu wake ni hesabu: mzazi wa kromosomu 20 na wa 40 huzaa chotara wa 30, naye huwa tasa. Kwa hiyo wanaweza kuchanganya kwanza karanga pori mbili, wakatumia dawa ya kolchisini kuongeza kromosomu mara mbili zifike 40, ndipo wamwozeshe karanga wa shambani.

*Kijana, Kibaigwa: Sayansi hii ingekuwepo 1947, mradi wa karanga wa Waingereza hapa Kongwa ungepona?*

Nimecheka. Usingepona. Udongo ule ukikauka unakuwa tofali, mvua ilikuwa haba, na matrekta yaliharibika kwenye visiki na mizizi. Kufikia 1951 walikuwa wameshakata tamaa. Jenomu haileti mvua.

*Mkulima, Bahi: Mbegu zenye kinga hiyo tuzisubiri hadi lini?*

Sikuahidi mwaka. Chotara akizaliwa hurithi kinga pamoja na vile vipunje vya kuudhi, kwa hiyo hurudishwa kwa karanga wa shambani kizazi baada ya kizazi. Faida ya jenomu ni kwamba mtaalamu anapima jani la mche mchanga na kujua kama jeni ya kinga imo, bila kungoja ugonjwa ufike. Wewe, kama unasumbuliwa na rozeti, ule ugonjwa wa kudumaa unaoenezwa na vidukari, panda mvua za kwanza na usiache nafasi kubwa kati ya mashina.